Salamu Zilizovuka Mpaka

Kwanza naomba ieleweke kwamba katika nchi yetu hakuna tatizo. Nasema mapema ili anayetafuta tatizo asiendelee kusoma, na anayesomea nyuma ya bega la mwenzake arudi kwenye kiti chake. Jina la nchi silitaji. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya maandalizi ya sherehe ya kuifungua.

Mkono wangu unatetemeka ninapoandika, lakini hiyo ni baridi tu. Jua ni kali, ndiyo, ila mtu ana haki ya kusikia baridi nchini mwake.

Zamani, mtu akitaka kuhutubia, alisema "itifaki imezingatiwa" kisha akaendelea na habari zake. Waziri wa Itifaki, Mheshimiwa Dakta Ngoda Mwinyikambi, aliyasikia maneno hayo kwenye harusi ya mpwa wake akahuzunika hadi akashindwa kumaliza pilau. Alikuwa amevaa suti mpya, na hakutajwa. Wiki ile ile maneno yale mawili yakapigwa marufuku. Tangu hapo kila shughuli huanza kwa salamu kamili: Mkuu wa Nchi na sifa zake, makamu wake na sifa zao, mawaziri, manaibu, wasaidizi wa manaibu, na wale wanaowashikia miavuli. Kuna marehemu wa mtaa wetu aliyezikwa kesho yake kwa sababu jua lilizama salamu zikiwa bado kwa manaibu. Familia ilishukuru kwa heshima hiyo.

Mimi naitwa Sengo, fundi wa Mtambo wa Uhai. Huo ni kompyuta kubwa ya taifa yenye faili la kila mwananchi. Ukiwamo, u hai: hospitali itakupokea, duka litakuuzia mkate, shule itamchapa mwanao. Usipokuwamo, hata ukipiga kelele, ni kelele tu.

Waziri alipokuja kuutembelea aliuliza kama nao husalimia. Tukamwambia kwamba hufungua tu faili unaloombwa.

"Bila hodi?" akauliza, uso umemshuka. "Unaingia kwenye faili la raia kama mbuzi kwenye shamba la watu? Hapana. Mtambo ni mtumishi wa umma. Kabla ya kufungua faili lolote, uwasalimie kwanza viongozi wote, kwa ukamilifu wao."

Nikaufundisha. Ndani ya kumbukumbu ya mtambo nikazitengea salamu nafasi ya kuwatosha viongozi wote waliokuwapo siku hiyo, na nikaongeza kidogo kwa tahadhari. Nilijiona mtu mwenye busara. Mwezi uliofuata manaibu wakapata manaibu.

*

Ndipo mtambo ukaanza kuzimika.

Ulizimika kwenye dirisha la ndoa, bibi harusi akiwa amekwisha kutia sahihi na bwana harusi akiwa bado. Ukazimika kwenye dirisha la waliohama nyumba. Ukiwashwa, ulifanya kazi asubuhi nzima kwa unyenyekevu kabisa, halafu ukazimika kwenye dirisha jingine kwa jambo jingine. Hapakuwa na utaratibu wowote, na katika nchi yetu hakuna kinachoogopesha kama jambo lisilo na utaratibu.

Kamati iliundwa. Ilibadilisha nyaya. Ilibadilisha feni. Iliulisha mtambo kiapo cha utii, nao ukazimika katikati ya kiapo, jambo ambalo halikuandikwa kwenye taarifa. Mimi nikapima vipande vya kumbukumbu kimoja kimoja, na vyote vilikuwa vizima. Kamati ilisikitika sana kusikia hivyo, kwa sababu kipande kibovu kingeweza kuitwa mhujumu na kupondwa hadharani.

Ikabaki sheria. Sheria yetu ya uharibifu ni fupi na watoto huiimba shuleni: aliye karibu ndiye. Kikombe kikivunjika, aliyekaa karibu nacho ndiye aliyekivunja. Sheria hii imepunguza sana gharama za upelelezi. Basi kila mtambo ulipozimika, karani wa dirisha lile alichukuliwa. Makarani waliobaki wakawa wanabonyeza kibodi kwa mpini wa fagio, wamesimama mbali, shingo zimenyooka wasome skrini. Jina la mtu lilichukua nusu saa, na lilitoka na herufi za jirani. Foleni zikafika barabarani. Hakuna aliyelalamika, kwa maana mlalamikaji angelazimika kusogea karibu.

Mke wangu Mashavu alikuwa karani wa dirisha la vizazi. Alikuwa na mpini mzuri, nilimchongea mwenyewe. Lakini asubuhi moja mwanamke aitwaye Siwatu alifika amembeba mtoto wa siku chache, midomo ya bluu, anapumua kwa kukatakata. Hospitali, ambayo iko ng'ambo ya uwanja tu, ilikuwa imemwambia mtoto hayumo kwenye mtambo, kwa hiyo hawamwoni. Mashavu alimtazama yule mtoto. Akauweka mpini chini, akasogeza kiti, akaandika kwa vidole vyake kumi: Chiku binti Siwatu. Faili likaingia. Mtoto akakimbizwa hospitali, akawekwa kwenye kisanduku cha joto.

Kisha Mashavu akalifungua faili ili alihakiki, na mtambo ukazimika mbele ya pua yake.

*

Adhabu ya kuangusha mtambo ni kufutwa. Aliyefutwa hafungwi wala hapigwi, sisi si nchi ya namna hiyo. Anafunguliwa mlango aende zake. Ila hospitali haimwoni, duka halimwoni, na baada ya muda majirani nao hujifunza. Mtaani kwetu kulikuwa na seremala, Mzee Lukaya, aliyetengeneza nusu ya vitanda tunavyolalia. Alifutwa. Nilimkuta dukani akiomba mkate, na muuza duka akipanga chumvi kana kwamba ni upepo unaosema. Mzee Lukaya akanigeukia. "Sengo, mwanangu," akasema. Mimi nikautazama mkate. Baadaye hatukumwona tena, ingawa siwezi kusema tulikuwa tukimwona kabla.

Ndiyo maana Waziri aliponiita na kuniambia nitafute chanzo kabla shauri la mke wangu halijasikilizwa, niliitikia ndiyo kabla hajamaliza sentensi.

"Wewe ni fundi na ni mume," akasema kwa upole. "Ukimpata mhujumu mwingine, tutafurahi. Usipompata, tunaye huyu."

Nikaenda kuchunguza mtambo ulivyokuwa wakati unazimika.

Msomaji asiogope, mambo haya ni mepesi. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama mtaa uliopimwa viwanja. Kila kitu kina kiwanja chake. Sasa jirani yako akiongeza chumba, akavuka bikoni, lile jiwe la mpaka, akaingia hadi jikoni kwako wewe ukiwa safarini, siku hiyo hakianguki kitu. Kinaanguka siku unaporudi na kuegemea ukuta usio wako tena. Wewe ndiye utakayekutwa chini ya kifusi. Jirani atakuwa ndani kwake anakunywa chai, na atakuja kukupa pole.

Kwa hiyo dirisha lililozimika halikuwa na kosa. Lilikuwa limeegemea tu. Nikaanza kuyasoma mafaili yaliyoharibika, nione aliyeingia ameacha nyayo gani. Mfuga nyuki mmoja aliyehama wilaya, mahali pa kundi la damu, aliandikiwa "anayeshughulikia". Yule bibi harusi alikuwa na tarehe ya kuzaliwa isemayo "saidizi Mwandamizi". Nikalifungua faili la mtoto Chiku. Jina lilikuwapo, na mahali pa jinsia palisomeka "mheshimiwa sana Na".

Nilizima skrini. Nikatazama nyuma yangu. Nikaiwasha tena kwa matumaini kwamba imebadilika, haikubadilika, nikaizima.

Zilikuwa salamu. Kila naibu mpya alipoteuliwa salamu zilirefuka, zikajaa kiwanja chao, zikamwagikia cha jirani. Na majirani wa salamu, kwa jinsi nilivyoupanga mtaa ule, walikuwa wale walioandikwa karibuni: maharusi, waliohama, na watoto wachanga.

Nikaenda kwa mkubwa wangu, Injinia Pazi, mtu aliyesoma nchi tatu.

"Injinia, nimekiona chanzo."

"Basi usinionyeshe," akasema. "Mimi nina watoto wanne na shemeji anayenichukia."

"Ni salamu, Injinia. Zimevu—"

Akatia vidole masikioni, akaanza kuimba wimbo wa taifa. Alipofika kibwagizo akashusha kidole kimoja. "Sengo, funika kombe mwanaharamu apite."

"Na Mashavu?"

Naamini aliona aibu, kwa sababu aliitazama kalamu yake muda mrefu. "Mpe pole," akasema, akakirudisha kidole sikioni.

*

Niliruhusiwa kumwona mke wangu. Muda wa mazungumzo huanza kuhesabiwa askari anapoanza salamu, kwa hiyo alipomaliza kumtaja wa mwisho tulikuwa tumebakiwa na dakika chache. Mashavu alikuwa amekonda mashavuni. Nilitaka kulia, nikaogopa kwamba askari aliye karibu atakamatwa kwa kuniliza.

"Mtoto vipi?" ndilo neno lake la kwanza.

"Yumo kisandukuni. Anapumua."

Akacheka, cheko lake lile la puani. "Haya. Mficha uchi hazai, baba. Uso wako umeona kitu."

Nikamnong'oneza yote. Akasikiliza, akatikisa kichwa polepole kama anayeambiwa bei ya nyanya.

"Basi kaseme," akasema.

"Kusema? Mashavu, nikisema majina ya wakubwa ndiyo yanayoangusha mtambo, tutafutwa wote wawili!"

"Tutakuwa wawili. Wawili si haba."

"Unamkumbuka Mzee Lukaya?"

"Namkumbuka sana," akasema. "Wewe je?"

Askari akatangaza muda umekwisha, akaanza salamu za kuagana.

*

Shauri lilisikilizwa katika ukumbi mkubwa. Skrini na kibodi viliwekwa katikati, na waheshimiwa wakakaa pembeni kabisa, migongo ukutani. Mashavu alisimamishwa mbele. Mimi nilisimamishwa kwenye kibodi, peke yangu, hatua nyingi kutoka kwa binadamu mwingine yeyote.

Waziri alisalimia kwanza. Watu wawili walizirai, wakapigiwa makofi. Kisha akasema: "Ndugu wananchi, taifa ni mtambo na mtambo ni taifa. Taifa letu halizimiki. Kwa hiyo mtambo haukuzimika. Lakini nani ameuzima?"

Makofi tena.

Nilikuwa nimeamua nisiseme kitu. Mtambo wenyewe ungesema. Jana yake, mpakani mwa kiwanja cha salamu, nilikuwa nimeweka mlinzi: neno moja dogo ambalo halina kazi ila kukaa pale. Yeyote atakayelikanyaga, mtambo ukome papo hapo, usisubiri ukuta uanguke, na uonyeshe mguu wa nani. Hata mafundi wakubwa wa nchi za nje hunasa wavamizi wa kumbukumbu hivyo hivyo.

Nikaagiza faili moja lifunguliwe. Mtambo ukaanza kusalimia. Majina yakapita kwenye skrini, sifa baada ya sifa, kila naibu akifuatwa na jina la mkubwa wake, nami jasho likinitiririka hadi viatuni. Mara ukakoma. Maandishi makubwa yakatokea: MPAKA UMEVUKWA HAPA. Na chini yake: Mheshimiwa Dakta Ngoda Mwinyikambi, Waziri wa Itifaki, Mlezi wa Adabu, Baba wa Salamu.

Waheshimiwa wakazidi kubana migongo ukutani. Hata feni nilihisi zimepunguza mwendo.

Waziri akavaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta, akasoma tena. "Hili ni jina langu," akasema taratibu.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Linafanya nini hapo?"

Nikamtazama Mashavu. Akanikubalia kwa kichwa, kwa utulivu, kama anayenihimiza nichukue kipande cha nyama cha mwisho. Ukweli nilikuwa nao ulimini, mzima, umeiva. Nikafungua mdomo, na nikamwona Mzee Lukaya ananigeukia dukani. Sauti ya mtu mwingine ikatoka kinywani mwangu.

"Mheshimiwa, salamu ziko mahali pake. Wananchi ndio walio karibu mno."

Waziri aliivua tena miwani. Kisha machozi yakamlengalenga, na nakuhakikishieni yalikuwa ya furaha.

"Karibu mno!" akasema. "Nimelisema jambo hili tangu nikiwa kiranja. Karibu mno! Kijana, una elimu."

Ukumbi ukasimama. Azimio likapitishwa bila kupingwa: wananchi wasogezwe, salamu zipate nafasi ya heshima. Viwanja vyote vilivyopakana na salamu vikafutwa mchana ule ule. Maharusi wataoana tena. Waliohama watarudi walikotoka. Watoto wachanga watazaliwa upya, kwa utaratibu, katika bajeti ijayo. Mashavu akaachiwa huru na kutakiwa aombe radhi kwa kushukiwa. Mimi nikavishwa nishani na kupewa cheo cha Mlinzi Mkuu wa Salamu, pamoja na ufunguo wa kuongezea majina mapya ya viongozi. Kupunguza jina ni uhaini, na hakuna ufunguo wake.

Nilimkimbilia mke wangu, nimekunjua mikono.

"Umeona?" nikamwambia. "Tumepona!"

Hakunikumbatia. "Wachanga wangapi?" akauliza.

Nilikuwa sijauliza.

*

Alitembea mbele yangu mpaka ofisini bila kugeuka. Nishani ilikuwa ikigonga kifungo cha shati, nikaishika isitoe sauti.

Siwatu alikuwa amesimama mbele ya dirisha la vizazi, Chiku mikononi. Walikuwa wamemtoa kwenye kisanduku. Siwatu alisema hakutolewa kwa ubaya. Muuguzi alitazama mtambo, akaona kisanduku hakina mtu, akakizima ili kuokoa umeme. Nyuma yake walikuwa akina mama wengine, foleni mpaka uani, kila mmoja na furushi lake, na wapita njia walipita wakitazama juu ya vichwa vyao. Makarani walishika mipini yao wakatazama dari. Mdomo wa Chiku ulikuwa umeanza tena kuwa wa bluu.

Nami, Mungu anisamehe, macho yangu yalianza kwenda zao ukutani. Yalikuwa yamezoea.

"Sengo," akasema Mashavu. "Mtoto huyu unamwona?"

Nikaishika tena nishani.

"Nimekuuliza. Unamwona?"

"Namwona," nikasema.

"Basi mwandike."

"Viwanja vya wachanga vimefungwa, mke wangu. Hata mimi siwezi kuvifungua. Mtambo utakataa."

"Na viongozi? Naibu akiugua, hospitali inafungua faili gani?"

"Viongozi hawana mafaili. Wakitajwa kwenye salamu, inatosha. Ni wazi wako hai."

Akaninyooshea kiganja. Nilichelewa kuelewa, kisha nikaelewa. Alikuwa anataka ufunguo.

"Mashavu, hapo hapana msamaha. Hapo hawatauliza nani yuko karibu. Watajua ni mimi."

"Watajua," akasema. Sauti yake nayo ilikuwa inatetemeka, nikatambua kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa akiogopa kama mimi, siku zote, tangu alipouweka mpini chini. "Naogopa, Sengo. Lakini mtoto anakata pumzi."

Nikakaa kwenye kiti chake. Ufunguo uligonga tundu mara nyingi kabla haujaingia. Nikaandika: Mheshimiwa Chiku binti Siwatu. Mtambo ukadai cheo. Kichwa kilikuwa kitupu. Nikatazama kifua kile kidogo kikipanda na kukwama, nikaandika: Naibu Waziri asiye na Wizara, anayeshughulikia Kupumua.

Mtambo ukapokea.

Mashavu akapiga simu hospitali. Tulimsikia muuguzi akinung'unika, akibonyeza, akiusubiri mtambo wake usalimie. Alisoma majina kwa sauti ya usingizi, moja baada ya jingine, hadi la mwisho. Kisha kiti kikaburuzwa. Mtu alikuwa amesimama wima.

"Mheshimiwa yuko wapi?" muuguzi akauliza, akihema. "Kwa nini hatukuarifiwa? Tunaleta machela!"

Wauguzi wanne walivuka uwanja mbio, na machela na zulia. Siwatu hakungoja zulia. Alikimbia na mwanawe kuwaelekea, kanga inapepea, na wale waliokuwa wakitazama dari wakamtazama yeye. Baada ya muda simu ikalia. Mheshimiwa amewekwa kwenye kisanduku cha joto, rangi imerudi, na daktari mkuu anaomba radhi kwa usumbufu.

Sasa foleni ilikuwa imesogea mpaka kwenye magoti yangu. Nilifanya hesabu kichwani. Nafasi mpya ya salamu ingejaa watoto hawa kabla ya mvua, na mlinzi niliyemweka mpakani asingelala: siku hiyo mtambo ungekoma na kuonyesha, kwa maandishi makubwa, jina la mchanga, na wote wangejua ni mkono wa nani. Nilitaka kusimama niende msalani na nisirudi. Mashavu alivuta kiti kingine, akakaa bega kwa bega nami, akaivua nishani shatini kwangu kwa sababu ilikuwa inagonga kibodi.

Mama wa pili akainama, akalitaja jina la mwanawe. Hofu ilikuwa imenijaa masikioni, nikamwomba alirudie.